Makala Isiyo na Mwenyewe

Huenda walimu wenzetu wakaona ajabu kwamba tunachukua kurasa za jarida hili kuhakiki maandishi ambayo hatutamtaja mtungaji wake, wala hatutanukuu ndani yake hata sentensi moja. Hiyo si desturi ya uhakiki. Mhakiki hutaja kitabu, mwandishi, mchapaji na mwaka, kisha hukata vipande akavianika mbele ya msomaji ili kila mtu aone kwa macho yake. Sisi hatuna ruhusa hiyo. Maandishi tuliyo nayo mezani yameandikwa hapa Carama, kaskazini mwa Bujumbura, na vijana wawili tuliowafundisha wenyewe, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Lakini si mali yao tena. Wameyauza katika masoko ya makala yaliyomo katika intaneti, na mengi kati yake waliyauza pamoja na haki ya kusema kwamba ndio walioyaandika.

Yafaa tuyaeleze masoko hayo kidogo, maana si kila msomaji wetu amepata kuyaingia. Upande mmoja wamo wateja: wenye maduka, hoteli, kampuni za bima, wauza dawa za kupunguza unene, wenye michezo ya kubahatisha. Hao wana tovuti zao, na tovuti yataka maneno kama shimo litakavyo udongo. Upande wa pili wamo waandishi. Katika namna ya kwanza ya soko, mteja huagiza: hutaja mada, idadi ya maneno, maneno ya lazima na saa ya kumaliza, na mwandishi anayeiwahi kazi ndiye aifanyaye. Textbroker, iliyoanza Ujerumani mwaka 2005, ni ya namna hiyo. Waandishi wake hupangwa kwa nyota, na nyota hizo ndizo ziamuazo bei ya neno. Katika namna ya pili mwandishi huandika kwanza, akaitandaza makala yake kama mchuuzi atandazavyo mukeke, akangoja apitaye. Mfano mashuhuri wa soko hili ni Constant Content ya Kanada. Huko haki huuzwa kwa daraja: mteja aweza kununua ruhusa ya kuitumia makala tu, aweza kuwa mtumiaji wake wa pekee, na aweza kununua haki zote. Akinunua haki zote, aweza kuikata, kuigeuza na kuiandika jina lake. Kwa miaka mingi masharti ya soko hilo yalimwachia mwandishi asilimia 65 ya bei.

Kwa nini vijana wa Carama waingie humo? Jibu lataka sentensi moja: hulipwa kwa dola. Mwezi wa Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipandisha bei rasmi ya dola kutoka takriban faranga 2,090 hadi zaidi ya 2,800, na bei ya mitaani ilikuwa imekwisha kuiacha mbali ile ya benki. Makala ya maneno mia tano inayolipwa dola tatu ni dharau kwa mwandishi wa Lyon au Hamburg. Hapa ni kilo chache za mchele. Malipo ya vijana wetu huingia katika akaunti ya ndugu aliyeko Nairobi, naye hukata chake kabla ya kuzituma. Tumeyasema haya mapema kusudi asije msomaji akadhani kwamba tunayoyasema mbele ni lawama ya mwenye shibe kwa mwenye njaa.

Tumesoma makala 31. Nyingi ni za Kifaransa, chache za Kiingereza, tano ni za Kiswahili. Hizi tano ndizo tulizozichungua kwa makini zaidi, kwa sababu ni lugha yetu na kwa sababu zilitushangaza.

Tuanze na fani. Makala ya sokoni ina jambo moja ambalo aina nyingine za maandishi hazina, nalo ni kikundi cha maneno ambacho mteja hulazimisha kirudiwe mara kadhaa bila kubadilishwa herufi. Sababu yake ni kwamba mtu atafutaye kitu katika Google huandika maneno machache ya haraka, na mteja hutaka ukurasa wake uwe na maneno yale yale ili uonekane wa kwanza. Sasa fikirini, walimu wenzetu, maneno ya haraka ya mtafutaji yanapoingizwa katika Kiswahili. Mtu atafutaye malazi ataandika: hoteli nzuri Bujumbura bei nafuu. Haandiki sentensi, anapiga hodi. Kiswahili cha sentensi kingesema hoteli nzuri za Bujumbura zenye bei nafuu. Au kingeanza na Bujumbura, kikamaliza na hoteli. Au kingegeuza yote kuwa kitenzi na viambishi vyake. Lakini kiunganishi za na kile zenye haviruhusiwi, kwa kuwa vikiingia kati kikundi kimevunjika, na mashine ya mteja haitakihesabu. Mwenye nyumba basi humpokea mgeni kwa kuirudia ile hodi mara nane, badala ya kumwambia karibu.

Tunasema kwa uhakika kwa sababu tumejaribu wenyewe. Mwaka jana tulikaa na yule binti jioni mbili, tukachukua agizo moja la Kiswahili la maneno mia sita kuhusu safari ya Bujumbura. Soko lenyewe hatulitaji. Tuliandika kwa moyo: tukaeleza ufuko wa Ziwa Tanganyika, soko la vitambaa la Buyenzi, milima ya Kongo inavyoonekana ng'ambo ya maji baada ya mvua. Kila kikundi cha lazima tulikiweka, ila tulikisahihisha upatanisho wake. Makala ikarudi kesho yake, na ujumbe kwamba kikundi kinachotakiwa kilionekana mara mbili tu badala ya nane. Mwalimu wa Kiswahili mwenye miaka zaidi ya ishirini ubaoni akakaa chini, akaondoa za na zenye kwa mkono wake mwenyewe mahali sita. Ikapokelewa. Tukapewa nyota nne na neno la pongezi. Tangu siku hiyo, mwanafunzi akikosea upatanisho, hatupazi sauti sana.

Yafaa kusema kwa haki kwamba mitambo ya kutafutia ya siku hizi ina akili zaidi kuliko wateja wengi wanavyodhani, nayo hutambua maneno hata yakibadilika umbo. Lakini agizo halitoki kwa mtambo. Latoka kwa mtu aliyefundishwa kazi yake kwa lugha ambayo nomino haibadiliki na kitenzi hakibebi mizigo, naye huona kwamba kanuni ya lugha yake ndiyo kanuni ya dunia.

Jambo la pili la fani ni zito kuliko la kwanza, na hatujapata kulisikia likizungumzwa katika mikutano yetu. Makala hizi hulipwa kwa neno. Sasa neno ni nini? Chukua usemi hatukuwaona. Kwa Kiswahili ni neno moja. Mwingereza atatumia maneno matano, Mfaransa sita. Kirundi kiko pamoja nasi: ntitwababonye, neno moja. Mtendaji, wakati, ukanushi na mtendwa vyote vimefungwa katika mzigo mmoja, na mzigo huo mnunuzi huuhesabu kama kimoja. Ikiwa neno ndilo kipimo cha bei, basi Mswahili na Mrundi huuza gunia kwa bei ya kibaba. Hakuna aliyekusudia kuwadhulumu. Mizani ilitengenezwa kwa nafaka nyingine.

Wenye akili wameligundua jambo hilo bila kufundishwa sarufi linganishi. Katika makala tano za Kiswahili tulizosoma tuliona namna gunia linavyofumuliwa ili lipatikane la kuhesabiwa. Kwa kuwa hatunukuu, tutatunga mfano wetu. Mahali pa tutakapowatembelea huwekwa: katika ule wakati ambao sisi tutakuwa tunafanya ziara ya kuwatembelea wao. Neno moja limezaa kumi na moja. Kuangalia kunakuwa kufanya zoezi la kuangalia. Bei inakuwa suala zima la bei. Kwa afya kunakuwa kwa ajili ya lengo la kuboresha hali ya afya. Msomaji atasema kwamba Kiswahili cha namna hii tulikuwa nacho kabla ya intaneti, katika hotuba na barua za ofisini. Ni kweli. Tofauti ni kwamba karani aliandika hivyo ili aonekane mkubwa, ilhali kijana huyu aandika hivyo ili ale. Makosa yanafanana kwa sura. Mhakiki hana budi kuyatenganisha kwa chanzo.

Kuuza maandishi kwa kipimo si jambo la jana. Walimu wa Kifaransa miongoni mwetu wanajua kwamba Alexandre Dumas alilipwa kwa mstari na magazeti ya Paris, na kwamba ndiyo sababu moja inayotajwa ya mazungumzo yake kuwa na mistari mifupi mifupi: swali neno moja, jibu neno moja, na kila neno mstari wake. (Charles Dickens husingiziwa mno katika habari hii, yeye alilipwa kwa toleo, si kwa neno.) Lakini Dumas anatufaa kwa sababu nyingine. Alikuwa na msaidizi, Auguste Maquet, mwalimu wa historia, aliyeshiriki katika kutunga habari za wale wanajeshi watatu zilizotoka mwaka 1844. Jina la Maquet halikuwamo katika jalada. Walipokosana, Maquet alikwenda mahakamani, na mwaka 1858 mahakama ya Paris ikampa fedha, jina haikumpa. Ikawa ameshinda nusu ya kesi, na tunaamini ni ile nusu ambayo hakuipenda zaidi.

Tumeukumbuka mwaka huo 1858 kwa sababu ndio mwaka wa utendi wa Mwana Kupona, na mwaka wenyewe, 1275 wa Hijra, umefungwa ndani ya beti zake. Desturi ya watunzi wetu ilikuwa kutia saini ndani ya utungo, mahali ambapo mwandishi wa kunakili hawezi kuikata bila kuharibu vina. Hata katika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, wasomaji walipeleka mashairi, na mtu alijulikana kwa shairi lake toka pwani mpaka bara. Katika makala za vijana wetu hakuna saini, na si kwamba imesahauliwa. Kutokuwapo kwake ni sehemu ya bidhaa.

Tuje kwenye maudhui. Hapa hatutakawia, kwa kuwa hakuna mengi. Kijana wetu ameandika juu ya kuondoa theluji kwenye mapaa, bima ya mbwa, jinsi ya kuchagua mashine ya kukatia nyasi, na mahali pa kufungia harusi nchini Ureno. Hajapata kushika theluji. Tulipomwuliza ameijuaje, alijibu bila haya, “Mwalimu, nilisoma kurasa tatu, nikapika ya nne.” Kampuni ya Marekani iitwayo Demand Media, iliyoanzishwa mwaka 2006, ndiyo iliyoufanya upishi huo kuwa kiwanda: mitambo ilitazama watu wanatafuta nini, ikatunga vichwa vya habari, na waandishi wakajaza chini yake kwa malipo ya kama dola 15 kwa makala. Mwezi wa Januari mwaka 2011 kampuni ilifika katika soko la hisa la New York. Mwezi uliofuata Google ilibadili kanuni zake ili kuzishusha kurasa za jinsi hiyo, na kiwanda kikaanza kudhoofu. Associated Content, iliyonunuliwa na Yahoo mwaka 2010 kwa karibu dola milioni 100, ilifungwa mwaka 2014. Wakubwa walianguka, lakini kazi haikufa. Iligawanyika vipande vidogo vidogo, na baadhi ya vipande vikafika Carama.

Katika mkutano wetu mmoja mwalimu mwenzetu alisimama akasema kwamba biashara hii na ile ya Nairobi, ya kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani insha zao za chuo kikuu, ni kitu kimoja, na vijana wakatazwe. Hatukubaliani naye. Filamu ya Eloïse King ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, imewaonyesha waandishi hao wa Kenya pamoja na Profesa Patricia Kingori wa Oxford, ambaye ni mzaliwa wa Kenya, na sura za waandishi zimebadilishwa kwa kompyuta ili wasitambulike. Humo kuna udanganyifu ulio wazi, maana mwanafunzi hupewa shahada kwa akili ya mwingine. Anayeuza makala ya bima ya mbwa hamdanganyi mtu; mnunuzi anajua alichonunua, na mbwa hana shahada. Kinachofanana ni sura iliyofichwa, na hilo ni jambo la kuhuzunisha, lakini si hatia.

Wala tusiwanyime sifa yao. Binti aliandika maelezo ya kupika maharagwe kwa mawese ambayo ni safi kuliko maelezo mengi ya vitabu vya kiada: hatua kwa hatua, kila kitenzi mahali pake, hakuna neno la kupita njia. Alipoulizwa alisema agizo lile lilikuwa na bei moja kwa makala nzima, bila idadi ya maneno. Tunaliacha jambo hilo mbele ya wasomaji kama lilivyo.

Mwishoni mwa Novemba 2022 ilitolewa ChatGPT, mashine iandikayo yenyewe, na vijana wetu wanasimulia jinsi maagizo yalivyopungua mwaka uliofuata. Hilo lilitarajiwa, anayenunua maneno kwa kipimo atakwenda penye kipimo cha bure. Lisilotarajiwa ni la pili. Wateja waliobaki walianza kuzipima makala kwa programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine, na siku moja makala ya Kiingereza ya kijana wetu ikarudishwa bila malipo kwa tuhuma kwamba haikuandikwa na mtu. Alikuja kwetu na daftari. Umeme ulikuwa umekatika siku ile mtaani, naye aliandika kwa kalamu, kwa mwanga wa simu, kisha akanakili usiku umeme uliporudi. Tulikiona kila kifuto na kila mshale. Tungeweza kuapa mahakamani. Lakini mteja hakuwa na mahakama, alikuwa na programu.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, ambao hufanywa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo za wanadamu zilihukumiwa kuwa za mashine. Sababu waliyoieleza ni kwamba mtu aliyejifunza lugha darasani huchagua maneno yanayotabirika. Kwa maneno mengine, huandika kama alivyofundishwa.

Hapo ndipo uhakiki wetu ulipogeuka ukatutazama sisi. Tulichukua ile makala iliyorudishwa, tukaisoma upya kama mwalimu asahihishavyo, na tulikuwa tayari kuipa alama 17 juu ya 20. Utangulizi unaotangaza kitakachosemwa. Aya tatu zenye urefu sawa, ya kwanza yaanza na kwanza kabisa, ya pili na vilevile, ya tatu na mwisho lakini si kwa umuhimu. Faida, kisha hasara. Hitimisho linalorudia utangulizi. Tuliutambua mkono ulioitengeneza, nao haukuwa wa mashine. Ulikuwa mkono wetu. Kwa Kirundi, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kiswahili kikapata nafasi yake shuleni, tumewalea watoto kwa kalibu moja, na anayeitoka kalibu hukatwa alama.

Tena ni nani aliyewafundisha kuhesabu maneno? Tazameni karatasi zetu za mitihani. Andika insha isiyopungua maneno mia tatu. Mtoto aliyesema la maana kwa maneno mia moja na themanini tulimwekea duara jekundu; aliyefumua gunia akafikisha mia tatu na kumi tulimpa haki yake. Kabla mteja wa ng'ambo hajalijua jina la Carama, mtoto huyu alikuwa amekwisha kuandika kwa miaka mingi juu ya mada asizozichagua, kwa urefu aliopangiwa, akimwandikia mtu mmoja asomaye kwa kuhesabu. Sisi ndio tuliokuwa wateja wake wa kwanza. Na hatukumlipa.

Tunajua jibu la wenzetu: darasa lina wanafunzi themanini, na pasipokuwa na kipimo hapatakuwa na usahihishaji. Tunalikubali, nasi tunao themanini. Hatusemi kipimo kiondolewe kesho. Tunachosema ni kwamba tunapomhakiki kijana huyu, tukazikuta sentensi zake zimevimba na mada zake hazina damu, tusijifanye hatujui ugonjwa ulianzia wapi. Katika shule yetu tumejaribu muhula huu kutoa insha moja yenye sharti la kinyume: isizidi maneno mia na ishirini, na iwe juu ya kitu ambacho mwandishi amekishika kwa mkono. Wanafunzi walilalamika kuliko walivyopata kulalamika kwa insha ndefu. Matokeo yalikuwa mchanganyiko; wengine walituletea utangulizi na hitimisho bila kitu katikati.

Inabaki makala moja, na kwa kweli ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Agizo lilikuwa la Kifaransa, maneno mia nne, juu ya kuchagua samaki wa kukaushwa, kwa ajili ya duka moja la vyakula huko Ulaya. Kijana wetu kwa mara moja alipewa kitu anachokijua. Aliandika juu ya bibi yake wa Rumonge, anayeanika ndagala: jinsi anavyowageuza kabla ya jua kufika utosini, jinsi anavyonusa upepo wa ziwa ili kujua kama mvua itakuja, na jinsi anavyochota konzi moja akaitikisa karibu na sikio, maana ndagala aliyekauka ana sauti yake na aliye na maji ndani ana nyingine. Hakukuwa na utangulizi. Alianza na lile konzi. Aya zake hazikulingana, nyingine ilikuwa sentensi mbili tu. Maneno ya lazima ameyaweka yote, lakini ameyatia mdomoni mwa mnunuzi asiyejua samaki, anayemwuliza bibi maswali ya kipumbavu, na hivyo ule urudiaji umekuwa kichekesho. Ni kazi ya fundi. Tumefundisha miaka mingi, na maandishi ya mwanafunzi wetu hayajapata kutushika namna hii.

Aliuza haki zote, kwa dola nne. Duka limeichapa katika tovuti yake kwa jina la mtu mwingine, la kike, na ndagala wamegeuzwa kuwa sardini. Bibi bado yumo, ila sasa ni bibi wa mwanamke huyo.

Tulimwambia kwamba tungependa kuitafsiri na kuitoa katika jarida hili. Alifurahi, kisha akaenda kuyasoma masharti upya, akarudi amenyamaza. Tukamshauri aiandike tena kwa njia nyingine, habari ile ile kwa maneno tofauti, kama afanyavyo na kurasa zake tatu. Akasema, “Mwalimu, ile ya theluji naweza kuiandika mara kumi. Hii niliiandika mara moja.” Hatukumsukuma zaidi.

Juma lililopita alikuja na shauri lake. Atatuandikia kitu kingine, kwa Kiswahili, juu ya mjomba wake ambaye ni fundi wa baiskeli hapa Carama, na jina lake mwenyewe liwe juu. Malipo hataki. Alichouliza ni iwe na maneno mangapi. Tulisita, kisha tukamwambia kwamba katika toleo lijalo mhariri ametuachia kurasa mbili.